Namna ya Kuonja na Kupima Eli Kali Iliyokomazwa kwenye Pipa, Ukiwa Malindi

Chupa za eli kali, bia nzito iliyokomazwa kwenye pipa la mbao, hazipatikani kila kaunta. Nyingi hufika Malindi ndani ya mkoba wa mtu: Mtaliano anayerudi nyumbani kwake Casuarina, mgeni wa hoteli anayemwachia mhudumu zawadi, au ndugu aliyekuja likizo kutoka ng'ambo. Inasikitisha kuiona ikifunguliwa ikiwa baridi kama barafu na kunywewa chupani kama laga ya kukata kiu. Mwongozo huu ni wa mhudumu wa baa, mpishi wa hoteli, na mtu mzima yeyote anayekunywa na angependa kuijua chupa kabla haijaisha.

Ninashikilia jambo moja. Mtu aliyekulia pwani tayari anazo puani karibu harufu zote zinazotoka kwenye pipa: nazi, karafuu, tende, siki ya mnazi, kifuu kilichoungua. Kinachobaki ni utaratibu, na katika mji huu utaratibu huanza na joto.

Jua kwanza kilichomo

Tusker ni laga. Hamira yake hufanya kazi kwenye ubaridi, ladha hutoka safi na nyepesi, na kileo ni asilimia 4.2. Eli huchachushwa na hamira nyingine, inayopenda nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi hivi, na hamira hiyo huacha harufu za matunda. Mtengenezaji akizidisha kimea cha shayiri, sukari huongezeka, na kileo hupanda hadi asilimia 9, 12, hata 14. Eli nzito kama hizo ndizo zinazostahimili pipa: stauti nyeusi tii, na zile za rangi ya shaba zinazoitwa mvinyo wa shayiri.

Piga hesabu kabla ya kumimina. Chupa ndogo ya mililita 330 yenye asilimia 12 ina takriban mililita 40 za kileo halisi. Tusker ya nusu lita ina 21. Kwa hiyo chupa moja ndogo ni karibu Tusker mbili kubwa, nayo hunyweka kwa upole unaodanganya. Igawanyeni watu watatu. Atakayeendesha gari au pikipiki asiwe mmoja wao.

Pipa lenyewe lina hadithi ya sheria. Marekani, wiski ya Bourbon lazima ikomazwe kwenye chombo kipya cha mwaloni (mti wa oak) kilichochomwa ndani. Pipa likishatumika mara moja haliwezi kurudia kazi hiyo, hivyo huuzwa, na watengenezaji wa bia ni miongoni mwa wanunuzi. Pipa la kawaida hubeba kama lita 200, na mbao zake zimenyonya wiski ya kutosha kuitia bia harufu kwa miezi. Kampuni ya bia ya Goose Island ya Chicago ndiyo iliyoutangaza mtindo huu katika miaka ya 1990 kwa stauti yake ya Bourbon County. Huko Uskoti mambo yalienda kinyume: kiwanda cha wiski kilitaka mapipa yaliyolowa bia ili kuipa wiski yake ladha, na bia yenyewe ilikuwa ikimwagwa hadi wafanyakazi walipoionja. Kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya bia ya Innis & Gunn, mwaka 2003.

Malindi utakutana zaidi na za Kiitalia. Baladin, iliyoanzishwa mwaka 1996 katika kijiji cha Piozzo, Piemonte, hutengeneza Xyauyù, mvinyo wa shayiri wa asilimia 14 hivi usio na gesi kabisa, ambao makusudi huachwa uguswe na hewa. Aina yake moja hukomazwa kwenye mapipa ya ramu. Ukiimimina usiseme imekufa kwa kukosa povu, ndivyo ilivyotengenezwa. Soma lebo kwanza: pipa la nini, kileo kiasi gani, mwaka gani. Hukumu bila kujua mtengenezaji alikusudia nini si hukumu.

Safisha pua na mahali

Nyumba zetu zina harufu nzuri, na hapo ndipo shida ilipo. Udi uliofukizwa asubuhi bado umo kwenye mapazia jioni. Asumini kichwani, kikuba, marashi ya mgeni, dawa ya mbu ya kuchoma, samaki anayekaangwa jikoni: kimojawapo tu kikiwapo, hutaisikia vanila ya mwaloni. Onjeni barazani upande unaopigwa na upepo kidogo, mbali na jiko. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu ingieni ndani, kwa sababu utaipeperusha harufu kabla haijafika puani.

Waonjaji wasiwe wametoka kula pilipili, achari au ndimu. Wapishe saa moja. Wekeni maji ya kunywa yasiyo baridi sana na vipande vya mkate mkavu usio na chumvi. Korosho za kukaanga zisubiri mwisho, maana mafuta yake huuvika ulimi na chumvi hupunguza uchungu mnaotaka kuupima.

Glasi iwe yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, ile ya konyaki au ya mvinyo mwekundu. Bilauri iliyonyooka huiachia harufu ipotee. Ioshe kwa sabuni kidogo, suuza sana kwa maji yasiyo ya chumvi (maji ya visima vingi vya karibu na bahari huacha ukungu mweupe kwenye kioo), kisha iache ikauke ikiwa imeinamishwa. Usiifute kwa kitambaa cha jikoni. Glasi iliyopita mikononi mwa mpishi wa samaki huijua mara tu ukiinusa tupu, na kunusa glasi tupu ni hatua ambayo hairukwi.

Joto: hapa ndipo kazi ilipo

Vitabu vya huko baridi vinashauri eli nzito inywewe kwenye nyuzi 12 hadi 15, na njia yao ni kuitoa friji na kuiacha mezani kwa muda mrefu. Kwa hali ya hewa ya Malindi ushauri huo unakupoteza. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, meza ya barazani ina nyuzi 30 au zaidi; ukiisahau chupa, utamimina kitu cha uvuguvugu chenye kileo kinachochoma pua na kufunika kila kitu kingine.

Nunua kipima joto cha jikoni, kile cha mshale au cha namba. Toa chupa kwenye friji na umimine mara moja, kiasi cha mililita 100 tu kwa kila glasi, huku chupa ikirudi ndani ya friji. Kiasi kidogo hupata joto haraka, nawe unataka hivyo, kwa sababu utaonja glasi hiyo hiyo mara tatu ikiwa inapanda: karibu na nyuzi 8, tena karibu na 13, tena ikifika 20. Mahali pa baridi mtu hungoja saa nzima. Hapa baraza yenyewe inakupandishia, na kiganja chako kikiwa chini ya tumbo la glasi kinamalizia.

Sababu ya mara tatu ni hii. Ubaridi huficha harufu na utamu lakini huacha uchungu na ukakasi wazi, hivyo kwenye nyuzi 8 utaona mifupa ya bia: kimea kilichoungua, mwaloni, na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Kwenye 13 mwili unakuja, yaani vanila, tende, nazi, karameli. Kwenye 20 kila kitu kiko uchi, na hapo kileo na kasoro hujitokeza. Bia iliyotengenezwa vizuri bado hupendeza kwenye nyuzi 20. Iliyofunikwa na ubaridi huumbuka. Kipimo hiki nakiamini kuliko kingine chochote.

Stima ikikatika kabla ya kuanza, usitie barafu ndani ya glasi hata kidogo. Lowesha kitambaa cha pamba, zungushia chupa, iweke penye upepo, au itumbukize kwenye ndoo ya maji yenye vipande vya barafu kwa dakika kumi.

Itazame, lakini usikawie

Mimina ukiwa umeinamisha glasi, kisha inyanyue katikati ili upate povu. Angalia rangi dhidi ya karatasi nyeupe: shaba, kahawia ya halua, au nyeusi isiyopitisha mwanga. Kileo kingi hulivunja povu na mapipa hupunguza gesi, kwa hiyo povu jembamba linaloondoka mapema si kosa kwa bia hizi. Zungusha glasi na utazame michirizi inayoteremka polepole ukutani. Ukiona vipande vinavyoelea kama maziwa yaliyokatika, andika. Mashapo laini chini ya chupa ni hamira tu, yaache huko huko. Macho yana alama chache, songa mbele.

Pua

Usiitumbukize pua glasini kama unavyofanya kwa laga. Mvuke wa asilimia 12 utaichoma, na utapoteza dakika kadhaa. Anza glasi ikiwa usawa wa kidevu, pumua kawaida. Kisha ilete mdomoni, vuta pumzi fupi mbili au tatu, ondoa. Pua ikichoka, nusa kiwiko chako au mkono wa shati; harufu yako mwenyewe huirudisha pua mahali pake. Andika kabla mtu yeyote hajasema neno. Akisema mmoja "chokoleti", wote mezani watasikia chokoleti.

Sasa tafuta pipa. Mwaloni wa Marekani una kemikali za jamii ya laktoni zinazonukia nazi waziwazi, na ule wa Ulaya huwa nazo chache kuliko huo lakini huleta ukakasi na viungo. Moto wa kuchomea pipa huivunja lignini, kitu kinachoipa mbao ugumu, ikatoa vanilini, ile ile ya vanila, na sukari za mbao hugeuka karameli. Mwaloni hutoa pia yujenoli, ambayo ndiyo hasa inayoipa karafuu harufu yake. Tabaka lililoungua huleta moshi. Kwa hiyo anayesema "nasikia karafuu" kwenye bia isiyotiwa karafuu hajakosea. Amesikia kitu kile kile.

Mpishi mmoja wa Kigiriama, mama wa makamo asiyekunywa pombe, aliwahi kupewa glasi ya stauti ya namna hii anuse tu. Alifumba macho, akainusa mara mbili, akairudisha mezani, akasema, "Hiki ni kifuu kwenye makaa, mwanangu. Kimeanza kushika moto, ile nyama iliyosalia ndani ikaungua." Waonjaji wenye uzoefu waliokuwa mezani walikuwa wameandika "nazi" na "moshi" kwenye mistari miwili tofauti. Yeye alizishika pamoja, mahali pake, kwenye jiko moja.

Ndiyo maana nasema jizoeze sokoni kabla ya kuonja. Pita kwa wauza viungo, omba kunusa karafuu, mdalasini, kungumanga na iliki, kimoja kimoja, macho yakiwa yamefumbwa. Nunua tende kavu, zabibu kavu, ukwaju, sukari guru. Vunja nazi moja, onja nyama mbichi, kisha choma kipande. Kunywa kahawa tungu bila sukari, uikumbuke ilivyo kooni. Zoezi hili halihitaji chupa ya gharama, na litakufaa kuliko orodha za matunda ya baridi ambayo hujawahi kuyashika.

Mdomo

Chukua funda dogo, kama kijiko cha mezani. Lizungushe lipite pande zote za ulimi, kisha meza. Waonja mvinyo hutema. Kwa bia ni vizuri kumeza, kwani uchungu wake huonekana vizuri inaposhuka. Ukishameza, funga mdomo na utoe pumzi puani. Hapo ndipo harufu ya pili huja, na mara nyingi huwa tajiri kuliko ya kwanza.

Jiulize mambo manne yanavutanaje. Utamu wa kimea, ambao katika bia hizi ni mwingi. Uchungu wa hopsi na wa shayiri iliyokaangwa, unaopaswa kuuzuia utamu usikinaishe. Joto la kileo, ambalo liwe kifuani kama chai ya tangawizi na si kooni kama spiriti. Na ukakasi wa mbao, ule unaokausha ulimi na kukunja mashavu. Aliyewahi kula bibo la korosho anaujua vizuri. Ukakasi kidogo hutoa mpaka, bia ikaisha vizuri. Ukizidi, pipa limekaa na bia muda mrefu kuliko ilivyostahili, na hapana kinachoweza kurekebisha.

Kisha pima uzito wake mdomoni, na uhesabu muda ladha inavyobaki baada ya kumeza. Swali la mwisho ni gumu zaidi: je, bado ni bia? Ukipata Bourbon tupu, wiski iliyotiwa maji na sukari, mtengenezaji ameliacha pipa litawale. Wapo wanaozipenda hivyo. Mimi nazishushia alama, kwa kuwa kimea kilichochukua kazi yote hiyo kimezimwa.

Kasoro

Ya kwanza ni uchachu usiotarajiwa. Mbao zina vinyweleo vinavyohifadhi bakteria, nazo huamka bia ikishatiwa chupani. Hata wakubwa wamepatwa: baadhi ya matoleo ya Bourbon County ya 2015 yaliharibika kwa bakteria wa jamii ya Lactobacillus, na mwaka 2016 Goose Island ikawarudishia wanunuzi fedha. Mtu wa hapa hana sababu ya kubabaika na kasoro hii. Mnazi uliogemwa alfajiri ni mtamu, jioni umekuwa mkali, na ukiachwa siku kadhaa ni siki ya kupikia. Njia hiyo yote unaijua. Uchachu laini kama maziwa lala ni wa bakteria wa laktiki. Ukali unaopanda puani ni wa asidi asetiki, ile ya siki. Kumbuka tu kwamba zipo eli za pipa zilizochachushwa makusudi, na lebo itasema.

Harufu ya kiondoa rangi ya kucha ni ya uchachushaji uliokwenda vibaya. Samli iliyoyeyuka, hasa pamoja na utelezi ulimini, ni daiasetili, kemikali inayotokana na uchachushaji. Jasho la punda na ngozi ya tandiko, harufu ambayo mtu wa Lamu ataitambua kabla ya wengine, ni ya hamira-mwitu iitwayo Brettanomyces. Katika bia chache ni pambo, katika stauti tamu ni uvamizi. Mchuzi wa soya na nyama iliyochemka sana ni hamira iliyokufa na kuoza ndani ya chupa.

Hewa ni kesi ya pekee. Ikigusa bia nyepesi huleta ladha ya boksi lililolowa. Ikigusa eli nzito polepole, huleta tende, zabibu kavu na lozi, na hizo ni sifa. Zikiwa zote mbili kwenye glasi moja, andika zote mbili.

Kutoa alama

Waamuzi wanaofuata BJCP, mpango wa kuthibitisha waamuzi wa bia ulioanzishwa Marekani mwaka 1985, hutumia alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na picha ya jumla ya bia 10. Kuanzia 45 ni bia ya kipekee, 38 hadi 44 ni bora sana, 30 hadi 37 ni nzuri sana, 21 hadi 29 ni nzuri yenye mapungufu, na chini ya 14 ina tatizo kubwa.

Tumia mgao huo, ila maneno yatangulie namba. Kila alama uliyokata iwe na sababu iliyoandikwa kando yake, na onyesha ni kwenye nyuzi ngapi ulipoiona. "Ukakasi, nyuzi 8, umepungua kwenye 13" ni taarifa. "Sikuipenda" haimsaidii mtu. Somaneni maandishi baada ya wote kumaliza onjo la tatu. Tofauti ya zaidi ya pointi 7 kati ya waonjaji hutaka mazungumzo: rudini glasini pamoja, anayesikia kasoro awaonyeshe wengine ilipo, na mgeni aliye kimya pembeni aulizwe kwanza, kabla ya mwenye chupa.

Chakula kije sasa. Halua nyeusi na stauti ya Bourbon hukutana vizuri, kwa kipande kidogo tu. Jibini kavu la Kiitalia lenye chumvi, ambalo Malindi halikosekani, huikata eli tamu kuliko chochote nilichojaribu.

Kama una chupa ya pili

Huko baridi huwekwa stoo chini ya ardhi kwa miaka. Sisi hatuna nyuzi 12 za bure, na kwenye nyuzi 30 bia huzeeka mara kadhaa haraka zaidi, tena kwa upande wa boksi. Isimamishe wima sehemu ya friji isiyo baridi sana, mbali na balbu, imefungwa gazeti ili mwanga usiifikie. Kabati la jikoni halifai, wala chini ya kitanda. Andika tarehe kwenye lebo kwa kalamu isiyofutika, weka karatasi ya alama za chupa ya kwanza pamoja nayo, na uifungue kabla mwaka haujaisha, katika msimu wa kusi, Julai au Agosti, baraza ikiwa na ubaridi wake.